Siku Niliyovuka Mto Chini ya Daraja Jekundu

Umewahi kumwona mwanaume mzima, suruali imekunjwa hadi magotini, anavuka mto kwa miguu huku daraja zima zuri liko juu ya kichwa chake?

Basi mtu huyo ni mimi, Oding. Na wale waliokuwa wananicheka walikuwa na haki yao.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi natembeza wageni kwenye bustani kubwa ya mimea hapa mjini Bogor. Ina zaidi ya miaka mia mbili, tangu enzi za Waholanzi. Ukitaka mayungiyungi yenye majani mapana kama sinia, yapo. Ukitaka popo wakubwa au lile ua linalonuka mzoga, nifuate mimi.

Na lipo daraja jekundu la kuning'inia. Wachumba wakilivuka pamoja, wanaachana.

Usicheke. Hapa Bogor kila mtu ana binamu yake aliyevuka.

Mimi na mchumba wangu Iis hatukuwahi kulikanyaga. Hatukusema tunaogopa. Tulikuwa tu kila siku tuna sababu ya kupita njia nyingine.

Tatizo letu lilikuwa mama yake, Bu Kokom, yaani Mama Kokom. Huyo mama alikuwa hanitaki hata kwa dawa. Alishamchagulia binti yake Hendi, mtumishi wa serikali, shati limenyooka hadi unaogopa kumsalimia. Kwetu huku mama akipata mkwe mtumishi wa serikali hata mwendo wake unabadilika.

Sasa wiki hiyo Bu Kokom akaniita mwenyewe. "Oding, mwanangu, Jumapili twende bustanini tukale pamoja kwenye mkeka."

Mwanangu! Nikajua kimenuka.

Iis akanivuta pembeni. "Mama anataka tuvuke daraja."

"Umejuaje?"

"Kamnong'oneza shangazi kwenye simu. Mama akinong'ona mtaa mzima unasikia."

"Tusiende basi."

"Tusipoenda atasema humheshimu. Na hapo ndiyo imeisha, Oding. Hatakupokea tena mlangoni."

Nilikosa usingizi, nakwambia ukweli. Nampenda Iis, na nilijiona nakaribia kumkosa kwa sababu ya mbao na kamba za chuma.

Asubuhi nikapata akili. Mji wetu unaitwa mji wa mvua, na haikosi kunyesha mchana. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwachelewesha mpaka mvua itukimbize nyumbani.

Jumapili tukakutana getini. Bu Kokom, Iis, mimi, na nani tena? Hendi, kabeba sufuria ya wali.

"Hendi kaja kunisaidia mzigo," akasema Bu Kokom, bila hata aibu.

Nikaanza kazi. Nikawasimamisha mahali ulipokuwa mchikichi wa kale. "Mama, hapa ilipandwa miche minne tu, asili yake Afrika. Mashamba mengi ya michikichi ya nchi hii chanzo chake ni hii."

"Oding, mimi nimezaliwa mji huu."

"Najua, mama. Ila umewahi kuutazama kwa makini?"

Nikawapeleka kwenye mnara wa kumbukumbu wa mke wa gavana Mwingereza, nikauelezea mpaka yule mama marehemu angekuwa hai angeniomba ninyamaze. Nikawapeleka kwenye ua la mzoga, na halikuwa limechanua. Nikaanza kuwaelezea harufu.

"Tunaelekea kula, we mtoto!" Bu Kokom akafoka.

Na mbingu? Nyeupe pee. Jua linawaka utafikiri limelipwa.

Tukala. Wali, samaki wa chumvi, pilipili, vyote juu ya majani ya mgomba. Mimi nilikuwa nameza tu, utamu siusikii.

Bu Kokom akafuta mikono, akasimama. "Haya, tushushe chakula. Twende darajani. Oding na Iis, tangulieni."

"Kuna njia ya kuzunguka, mama. Ina kivuli."

"Magoti yananiuma."

Tukafika. Iis akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza, akanigeukia. Bu Kokom yuko nyuma yangu, ananisukuma kwa kidole.

Sijui shetani gani alinituma. Nikavua kandambili moja nikaitupa mtoni.

"Lahaula! Kandambili yangu!"

Nikateremka ukingoni mbio. Mto hapo ni mawe mengi, maji hayafiki kiunoni. Nikakunja suruali, nikaingia.

Askari wa bustani akapuliza filimbi. "Wee Oding! Hairuhusiwi kuingia mtoni!"

"Nafuata kandambili!"

"Kandambili inaenda kule! Wewe unaenda wapi?"

Kweli. Kandambili ilikuwa inateremka na maji, mimi nakata kwenda ng'ambo. Wanafunzi waliokuwa darajani wakacheka hadi daraja likaanza kuyumba.

Hapo nikasikia sauti ya Iis juu yangu, kashafika katikati ya daraja. "Jamani naanguka! Hendi! Nishike mkono!"

Hendi, muungwana wa watu, akatua sufuria akakimbia. Akamshika mkono. Wakaendelea kuvuka bega kwa bega, wanafunzi wanapiga vigelegele, "Maharusi haooo!"

Bu Kokom akapiga ukelele. "Hendiii! Rudi! Usivuke naye!"

"Kwa nini, mama?"

"Mtaachana!"

Hata askari alitoa filimbi mdomoni.

"Kumbe mama ulijua," akasema Iis alipokanyaga ng'ambo. "Na mimi na Oding ulitutanguliza."

Hendi akacheka kisomi. "Mama, hayo ni mambo ya kale. Ni uongo tu wa watu."

Hilo ndilo lililomponza. Uso wa Bu Kokom ukabadilika kabisa.

"Uongo? Mimi nilivuka hapa na baba yake Iis. Mtoto hajaanza hata kutambaa, akanikimbia akaenda Sukabumi kwa mwanamke mwingine. Unaniita mimi mwongo?"

Mimi nimesimama majini, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia yule mama.

Akanitazama pale chini.

"Oding. Umeingia mtoni ili usivuke na mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Kandambili niliitupa mwenyewe."

Akavuta pumzi. "Toka huko utaumwa. Jumamosi walete wazazi wako nyumbani."

Nilitaka kushangilia, nikateleza nikakaa kitako majini.

Tukiwa tunarudi, nimelowa chepechepe, nikamwambia Iis, "Ile kandambili iliniokoa. Na bahati ulishikwa na kizunguzungu."

Akanitazama kwa huruma. "Oding. Mimi nasafisha madirisha ya ghorofa ya tisa. Kizunguzungu kinanijia lini?"

Nikasimama katikati ya njia. Nilipata woga kidogo, halafu nikampenda zaidi.

Funzo, ndugu yangu: ukimpata mwanamke anayekutaka, usijisifu sana kwamba umempigania. Wewe umelowa tu. Kazi ameifanya yeye.