Maneno ya Dada Yake Mwalimu

Nasimamia kamusi ya Kikerewe iliyoko mtandaoni. Ni kazi ya kujitolea. Yeyote anayejua neno anachukua nakala ya kamusi, anaandika humo, kisha ananitumia ombi niiunganishe kazi yake na kamusi kuu. Nakaa Nyakato, kwenye chumba kinachotazamana na ukuta wa kiwanda cha samaki. Programu ninayotumia inachora kila nakala kama mstari wa rangi, na kazi yangu ni kuikutanisha mistari hiyo. Watu wakiniuliza nafanya nini, nasema kompyuta, nao wananiuliza kama naweza kutengeneza printa.

Wachangiaji wa kweli walikuwa wawili. Mmoja alikuwa fundi wa majokofu kiwandani hapo, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliyekuwa akisahihisha tahajia. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kikerewe aliyeolewa Sengerema. Huyu nilimfundisha programu mwenyewe, kwa simu, siku nne. Nilimwambia aachane na daftari, maana karatasi hulowa, lakini huku hakuna kinachopotea.

Mwezi wa tatu walituma maombi yao karibu siku moja. La fundi lilipita bila shida. La mwalimu likagoma: wote wawili walikuwa wamegusa mistari ileile ya maandishi, na programu ikataka nichague, mmoja baada ya mwingine, upi ubaki. Mistari ilikuwa mingi na nilikuwa na njaa. Juu kulikuwa na kitufe cha kuchukua upande mmoja wote. Nikakibonyeza. Rangi mbili zikakutana vizuri kabisa kwenye mchoro. Nikamwandikia mwalimu, "Asante, kazi yako imeingia," nikaenda kula.

Wiki mbili baadaye alivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, akapanda bodaboda hadi kwangu, akapiga hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Maneno yangu yako wapi?"

Nikafungua kamusi nimwonyeshe. Hayakuwepo. Tahajia ya fundi ilikuwepo, safi.

"Nilichukua kamusi mpya kama ulivyonifundisha," akasema, "na kwangu nako yakatoweka. Yale si yangu. Ni ya dada yangu. Alinitajia mwenyewe majina ya upepo, ya nyavu, ya mvua. Wiki iliyopita alipata kiharusi. Hasemi."

"Na daftari?"

"Si uliniambia niachane nalo?"

Nilimwambia hakuna kilichopotea. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuamini. Nikajaribu kuliunganisha ombi lake upya. Programu ikajibu kwamba limeshaunganishwa, hakuna la kufanya. Mwalimu akavaa miwani akasoma.

"Inasema imemaliza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe unasemaje?"

Nikarudi kwenye mchoro. Nikaufuata mstari wake, wa zambarau, kinyumenyume hadi nukta iliyo kabla ya pale nilipoukutanisha na kamusi kuu. Nikaibofya. Maneno yote yakafunguka, na jina lake pembeni. Mwalimu aliyasoma moja moja, midomo ikicheza. Mimi nilitazama ukuta wa kiwanda. Alipomaliza alisema, "Leta kiti."

Kwa kuwa hakuna aliyeongeza kitu tangu siku ile, niliirudisha kamusi kuu hadi kabla ya kosa langu, nikaanza upya. Safari hii sikugusa kile kitufe. Kushoto kulikuwa na mstari wa fundi, kulia wa mwalimu, chini ule utakaobaki. Mara nyingi jibu lilikuwa kuchukua herufi za fundi na maana ya mwalimu. Kwenye neno moja la mvua hawakupatana kabisa, nikampigia fundi.

"Mwalimu anasema nini?" akauliza.

"Anasema ni mvua inayoanzia kisiwani na kuishia majini."

"Basi ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa nahangaika na herufi tu."

Tulimaliza saa tisa alasiri. Nilimwomba mwalimu asome kila kitu kabla sijabonyeza, akasoma. Nilimwomba msamaha pia. Akasema amefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, ameshaona makosa. Kisha akaniomba karatasi, akayanakili maneno yote kwa mkono.

Baada ya siku kumi lilikuja ombi jingine kutoka kwake. Lilibadilisha neno moja tu, jina la wavu. Kwenye maelezo alikuwa ameandika: "Nilimsomea dada orodha yote. Alicheka mara mbili. Hili alilikataa kwa kichwa, nikamtajia mengine mpaka akakubali."

Nilisoma mstari wa zamani, nikasoma mpya, nikauunganisha. Neno hilo moja lilinichukua kama dakika ishirini.