Swali la Mama Kwenye Shamba la Pareto

"Huyo mtu wako alikuwa na bwana, au yeye ndiye aliyekuwa bwana?"

Mwanangu, mama aliniuliza hivyo siku moja kule Dundori, alikokuwa kibarua kwenye shamba la pareto la mzungu, miaka ya hamsini, na mimi niliyezoea kuuliza kila kitu nilijibu kwa kukisia.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, na daftari nilimonakilia maneno ya Mgiriki mmoja wa kale. Maisha yake sikujishughulisha kuyauliza. Wiki hiyo mzungu mwenye shamba aliamuru ng'ombe wa vibarua waondolewe. Mama alikuwa na mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha. Nyapara alimswaga tukitazama.

Mama akabaki mlangoni, kamba mkononi. Badala ya kuketi naye, nilifungua daftari. Nikamweleza kwamba ng'ombe hakuwa katika uwezo wake. Kilicho chake ni moyo wake tu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mimi haukunilemea.

Ndipo akaniuliza. Nikakisia: "Alikuwa bwana, mama."

"Nilijua. Mwenye ng'ombe mia ndiye hukwambia ng'ombe si kitu. Haya msomi, nishikie kamba, wewe usiyeumia."

Kesho yake wenzake, kwa hasira, walijaza vikapu maua ya pareto ambayo hayajafunguka, yasiyo na dawa ya kutosha ya kuulia wadudu. Yeye alichuma yaliyofunguka tu, moja moja. Nikamuuliza kwa dharau, anamfanyia nani kazi nzuri hivyo?

"Shamba ni lake," akasema. "Mkono ni wangu."

Sikumwelewa. Jioni nilitia daftari motoni, nikatangaza kwamba falsafa ni porojo za walioshiba. Miaka mingi nilidharau kila kitu, na dharau haikunipa hata sababu moja ya kuamka asubuhi. Mama alikufa bila ng'ombe mwingine, na bila mimi kumwomba radhi.

Basi uliza, mwanangu, sikukatazi. Lakini usimpelekee aliyeumia maneno ambayo hayajakugharimu. Keti kwanza, shika kamba. Na maana ya maisha yako usiiweke katika kitu ambacho nyapara anaweza kukiswaga. Iweke mkononi mwako. Mungu akujalie mkono usiotawaliwa na hasira, na mama wa kumwomba radhi angali hai.

Maisha ya yule Mgiriki nilikuja kuyasoma uzeeni. Alikuwa mtumwa.