Kitabu Ambacho Bibi Hakupaswa Kukisoma

Mfyuuu!

Msonyo huo wa Bibi bado uko masikioni mwangu.

Vitabu vyangu vyote navijalidi kwa karatasi ya kaki, kama tulivyofanya shuleni, ili watu wasione picha za juu. Juzi nilimpelekea Bibi, kijijini Kwamndolwa, nilichodhani ni kitabu cha mwalimu mstaafu akisimulia maisha yake. Leo nimegundua nilimpa riwaya ya mapenzi. (Ile ambayo ukurasa wa tisini hausomwi mbele za watu. Mnaijua.)

Nikakimbia kuifuata. Nikamkuta na miwani yake, amebakiza kurasa chache.

"Shikamoo Bibi. Hicho kitabu nilikosea..."

"Marahaba, kaa. Huyu mwanaume miaka mitatu anamwandikia binti wa watu mashairi, kwao hajafika, mshenga hajatuma. Mfyuuu! Na wewe hapa pembeni umeandika, 'Nipeni huyu huyu!'"

Ni kweli. Kwa kalamu nyekundu.

"Na wa kwako naye yuko hivi hivi?"

Nikatazama kuku. Hamza wangu wa Mkata, mwaka wa pili huu, njia ya kwetu anaijua kwa kusimuliwa tu.

Nyie mngejibu nini?

Hamza, ukisoma hapa: namba ngeni ikipiga, pokea, na uanze na shikamoo. Nimeshampa Bibi namba yako.