Kimya cha Nyumba Iliyo Juu ya Mto

Nikimaliza kumhoji mtu nyumbani kwake, kuna jambo la mwisho ambalo huwashangaza wenyeji kuliko kamera yenyewe. Huwaomba wote waliomo ndani wanyamaze. Wasisogeze kiti, wasikohoe, wasiite mtoto. Kisha narekodi kimya hicho kwa kitambo kidogo, na wao wananitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Kazi yake ni hii. Mhariri akikata kikohozi au jogoo katikati ya maneno ya mtu, panabaki shimo la sauti, na shimo hilo huzibwa kwa kimya cha chumba kile kile. Kimya cha nyumba nyingine hakikubali. Kinajionyesha kama kiraka cha kitambaa cha kigeni kwenye suruali. Kule Makindu, kwenye barabara kuu, kimya kina malori ndani yake, hata ukifunga madirisha yote. Mutomo, jua likishapanda, mabati hulia juu ya kichwa chako, ta, ta, na mbuzi hawanyamazi kwa ajili ya televisheni ya mtu yeyote.

Mimi ni mpiga picha wa filamu za maisha halisi, wa kujitegemea, maana yake sina bosi na sina likizo. Mwenye filamu hupiga simu kutoka Nairobi, nami nafunga mizigo yangu hapa mjini Kwa Vonza tukutane njiani. Zamani tulikuwa tukienda kundi zima. Siku hizi mimi ndiye kamera, mimi ndiye sauti, na kwa kuwa ni Mkamba, mimi tena ndiye mtafsiri. Nanung'unika, lakini naenda.

Kuna kosa moja ambalo watu wetu hulifanya kila mara kuhusu kile kimya, na sijui kama linafanyika kwingine. Ukimwambia Mkamba wa kanisa, akiwa sebuleni kwake, pamoja na wageni, kwamba sasa tunyamaze kidogo, yeye anajua jambo moja tu linalofuata. Kofia inavuliwa. Vichwa vinainama. Na kabla hujasema lolote, mwenye nyumba ameshaanza kuomba. Nimeombewa safari, nimeombewa macho, nimeombewa mke nikiwa tayari ninaye. Mutomo bibi mmoja aliiombea kamera yangu kwa muda mrefu hata betri ikakaribia kuisha. Huwa nasubiri, naitikia amina, halafu naomba upya, nikieleza kwamba safari hii si maombi, ni kunyamaza tu.

Basi kulikuwa na filamu kuhusu mchanga. Ilikuwa Makueni, kwenye mmoja wa ile mito yetu isiyokuwa na maji mwaka mzima, mito ya mchanga, ambayo malori huja kuchota mchanga wake yakaupeleka mjini ukajenge maghorofa. Vijana huchimba kando ya kingo na kupakia kwa beleshi. Mvua ikinyesha huko juu, ukingo hulowa kwa ndani bila kuonekana, na wakati mwingine huanguka. Nyumba tuliyokwenda ilikuwa juu ya mto huo, na kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameangukiwa na ukingo akafa. Alikuwa amemaliza shule ya upili, akingoja kujua chuo.

Tulikuwa wawili, mimi na mwongozaji wa filamu hiyo, mwanamke wa Nairobi mwenye adabu na haraka. Wenyeji walikuwa baba na mama wa kijana. Walituketisha kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe vya kufumwa, chini ya picha ya marehemu akiwa na sare ya shule, tai imekwenda upande. Kulikuwa na chai kwenye thamosi na viazi vitamu. Hatukuruhusiwa kufungua mzigo kabla ya kula.

Baba ndiye aliyehojiwa kwanza. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono ya jembe, na alizungumza akiangalia lenzi moja kwa moja ingawa tulimwomba asiiangalie.

"Ni mimi nilimtuma," alisema. "Ile jioni tuligombana. Nilimwambia mwanaume hawezi kukaa nyumbani anakula tu. Asubuhi mimi nikaenda soko ya mbuzi, sikumuaga hata kwa salamu. Nikarudi nikapata watu wamejaa kwa mto."

Mwongozaji alimuuliza watu walisema nini.

"Walisema ukweli. Ndugu za mama walisimama kwa matanga wakasema mbele ya pasta, huyu amepeleka mtoto yetu kwa kaburi na mdomo yake."

Nilikuwa nimesikia habari hiyo hata kabla ya kufika. Pale sokoni tulipouliza njia, muuza nyanya alituelekeza hivi: kateni kushoto, ni kwa yule mzee aliyemfukuza mtoto wake akafa. Akatuambia pia kwamba zamani alikuwa mzee wa kanisa, akaacha. Kila Jumapili alikuwa akimsindikiza mkewe hadi langoni mwa kanisa, akaketi nje kwenye jiwe mpaka ibada iishe.

Mama alihojiwa baada yake. Huyo sikupata kitu kwake. Mwongozaji alimuuliza kwa upole, nikamtafsiria kwa Kikamba, naye akajibu kwa maneno machache kwamba mtoto alikuwa mzuri, kwamba Mungu ndiye ajuaye, kwamba yeye hana la kuongeza. Vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua upindo wa leso. Nilimsogelea kwa lenzi nikachukua vidole, kwa sababu ndiyo kazi yangu, uso ukikataa tunachukua mikono.

Mwongozaji alifunga daftari. "Tuko sawa," aliniambia. "Bado kile kimya." Na kabla sijafungua kinywa, yeye mwenyewe akawageukia wenyeji. "Baba, Mama, sasa tunyamaze wote kidogo, tafadhali."

Nilikuwa nimeshavaa hedifoni na mashine ilikuwa ikirekodi. Niliona kofia ya mzee ikitoka. Niliona vichwa vikiinama, na mwongozaji naye, kwa heshima, akainama. Nikajua linalokuja, nikatulia. Kwanza kilikuwa kimya kizuri kabisa, kimya cha nyumba ya udongo mgumu na mabati, na upepo mdogo mlangoni. Halafu nikasikia mtu akivuta pumzi karibu sana na maikrofoni, kwa maana nilikuwa sijaitoa kwenye kifua cha mama.

Aliomba kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Alianza kama wanavyoanza wote, akamshukuru Ngai kwa wageni na kwa njia waliyopita. Kisha akasema, na hapa natafsiri kama nilivyosikia, "Ngai, unajua baba yake hakumtuma."

Sikuinua macho. Nilihisi jasho kwenye masikio, ndani ya hedifoni.

Alisema kwamba asubuhi ile mtoto alikuwa amekataa kwenda. Alikuwa amelala. Hasira ya jana ilikuwa imeisha, mtoto alikuwa amecheka hata, akasema baba atapoa. Yeye mama ndiye aliyemwamsha. Unga ulikuwa umeisha, na aliona aibu kwenda tena kwa jirani na bakuli. Mtoto alimwambia, mwaitu, yaani mama, mvua imenyesha huko juu, mchanga umelowa, leo si siku nzuri. Naye akamjibu kwamba huo ni uvivu, na kwamba wenzake wameshateremka.

"Aliniambia umelowa, Ngai. Aliniambia. Na nimemwacha huyu mtu aketi kwenye jiwe."

Kisha akamalizia kama wanavyomalizia wote, akatuombea safari njema, akasema amina. Mwongozaji aliitikia amina. Mimi niliitikia. Amina ya mzee haikuja. Nilingoja nikiangalia sindano ya sauti kwenye mashine, ikiwa imelala. Ilipokuja ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliyeombewa chakula.

Hakuna aliyelia. Mzee alivaa kofia yake. Alisimama, akachukua thamosi, akamimina chai kwenye kikombe cha mkewe, akamshikisha mkononi. Nimekua Ukambani, na mzee wa umri ule sijawahi kumwona akimmiminia mkewe chai mbele ya wageni. Mama alikishika kikombe kwa mikono miwili wala hakunywa. Nilitamani kuwa mahali pengine popote.

Nilikunja nyaya haraka kuliko kawaida. Mwongozaji alibaki ndani akiagana na mama, akifungiwa ndengu kwenye mfuko. Mzee alibeba tripodi yangu begani mwenyewe, akakataa nisimsaidie, tukashuka naye hadi kwenye gari lililokuwa chini ya mgunga. Aliiweka kwenye buti taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha akauliza bila kunitazama.

"Ile maombi ya mama, hiyo mashine ilikuwa inashika?"

"Ilikuwa inashika, mzee."

"Na huyu mama wa Nairobi anasikia Kikamba?"

"Hasikii. Ni mimi huwa namwandikia."

Alitikisa kichwa. Nilidhani atauliza kama nilisikia kweli alichosikia yeye. Nilidhani, na nasema wazi, kwamba ataniomba nimsafishie jina. Lingekuwa jambo la haki. Filamu ingeonyeshwa nchi nzima, na muuza nyanya angeona, na wale ndugu za mama wangeona. Nilikuwa hata nimeshaanza kupanga moyoni jinsi ya kumweleza mwongozaji.

"Hiyo usiandike," alisema.

"Mzee, lakini wewe..."

"Sikia, kijana yangu. Yeye ameongea na Ngai, na mimi nilikuwa hapo, nimesikia. Hiyo imetosha. Sasa watu wa tivii uwapatie ile yangu."

"Lakini ile yako si kweli. Watazidi kukusema."

"Wacha waseme. Mimi nishazoea, naenda soko wananisema, narudi, nalala. Yeye wakimsema hatalala. Atakufa huyu mama." Alifunga buti, akalisukuma kuhakikisha limeshika. "Na ukipita hii njia, ingia unywe chai. Usipite kama mtu hatujui."

Mwongozaji alikuja na mfuko wa ndengu. Tukaondoka. Tulipoishika lami aliniuliza, "Mama aliomba nini? Alikaa sana."

"Aliongea na Mungu kuhusu mtoto," nikasema. "Na safari yetu."

Yote mawili yalikuwa kweli. Aliandika kwenye daftari lake, akaegemeza kichwa kwenye dirisha, akalala mpaka karibu na mji.

Najua filamu ile ina uongo ndani yake, na mikono yangu ndiyo iliyouacha upite. Kazi hii tunaambiwa ni kazi ya ukweli, na nimegombana na wenye filamu zaidi ya mmoja waliotaka mama fulani atembee tena na mtungi mtupu kwa sababu jua lilikuwa zuri zaidi saa ile. Siku hiyo sikugombana na mtu. Nilikaa kwenye meza yangu, nikatafsiri mahojiano ya baba neno kwa neno, nikatafsiri yale machache ya mama, na nilipofika kwenye faili la mwisho nikaandika: kimya cha chumba, mwanzo tu ndio unaofaa, mbele kuna maombi ya kawaida. Kisha nikalituma pamoja na mengine.

Filamu ilipotoka niliitazama hotelini hapa Kwa Vonza, televisheni ikiwa juu karibu na dari, watu wakila. Walipomfikia mzee, wengi waliacha kula. Alitazama lenzi akasema ni mimi nilimtuma. Mwanamume aliyeketi mbele yangu alisonya. "Baba kama huyo," akamwambia mwenzake, "hata angefungwa." Mwenzake akaafiki. Nikanywa chai yangu.

Mzee alinipigia simu wiki ile. Alisema wameona, kwa jirani. Picha ilikuwa safi. Alisema pia, kama mtu anayetaja mvua, kwamba siku hizi jua limekuwa kali pale kwenye jiwe, kwa hivyo anaingia ndani ya kanisa na mama. Nikasikia sauti ya mama nyuma yake ikisema kitu. "Anakusalimia," mzee akasema. "Anauliza kama siku ile ulishiba." Nikamwambia nilishiba.

Nimeitazama tena sehemu ile peke yangu, kwa hedifoni, kwa sababu mhariri alifanya kazi yake kama ipasavyo. Kulikuwa na jogoo katikati ya maneno ya mzee, akamkata, na akaziba mahali pale kwa kimya cha nyumba ile ile, kile cha mwanzo, kabla ya maombi. Kimelala chini ya sauti ya mzee tangu anaposema ni mimi mpaka anapomaliza. Mhariri alikivuta mpaka mwisho wake kabisa, akakata pale tu palipomtosha. Kwa hiyo mzee akishafunga kinywa, kabla picha haijabadilika, inasikika pumzi moja ikivutwa karibu sana na maikrofoni. Wote walioitazama wanadhani ni yake.