Tangu Alipoungua

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoangukia mafiga. Kifafa kilimshika akikoroga maharage, nyumbani kwetu Makere, na mkono wa kulia ukaingia kwenye makaa. Mama alimtoa. Kidonda kilipopona, vidole vitatu vilikuwa vimegandana, nami nikaacha kwenda Kasulu kumchukulia vidonge vyake.

Hakuna aliyeniambia niache. Kwetu inajulikana hivyo: mwenye kifafa akishaungua, ugonjwa umejifungia ndani, hautibiki tena. Vidonge vilikuwa vimeanza kumsaidia. Alikuwa amemaliza karibu miezi miwili bila kuanguka kabla ya siku ile. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilikuwa nachora ubongo ubaoni kwa chaki za rangi, na bado nililiamini jambo hilo. Naona aibu mpaka leo, na aibu yangu haijamsaidia mtu.

Ikapita miaka kumi na moja. Alianguka shambani, kisimani, kanisani. Mchumba alikuja mara moja, hakurudi. Mama, kwa kuogopa povu la mdomoni mwake lisituambukize, alimtengea sahani na kikombe chake, akafa bila kuvirudisha kwenye vyombo vyetu.

Mwaka jana nikaona kwenye simu video ya madaktari wa nje wakipandikiza kifaa kidogo kichwani mwa mgonjwa, kizime kifafa kabla hakijaanza. Niliitazama mara nne. Safari hii, nikajiambia, hata aliyeungua atapona. Mdogo wangu alipoanguka tena nilimlaza ubavu, nikamrekodi, na wiki hiyohiyo nikampeleka hospitali.

Daktari aliitazama video niliyomrekodi, akamtumia mtaalamu wa Dar es Salaam, na majibu yakarudi tukiwa bado kwenye foleni ya vipimo. Hilo nalo zamani halikuwepo. Mdogo wangu akiwa maabara, nikamuuliza daktari kuhusu kifaa. Akasema kweli kipo, ila huko mbali, na vidonge vipya vipo pia, na siku hizi picha ya ubongo inaonyesha hata kovu dogo kama punje ya mtama.

"Lakini, mwalimu, alishawahi kutumia dawa?"

"Alitumia."

"Zikamkataa?"

"Hapana. Aliungua."

 

"Moto umeunguza mkono," daktari akasema taratibu. "Ubongo hauna habari nao. Tuanze na zile zile."

Dirishani nikapewa vidonge vyeupe, vidogo, vile vile nilivyokuwa nikivibeba kwa baiskeli nikiwa kijana. Nyumbani nikamdanganya mdogo wangu. Nikamwambia ni dawa mpya kabisa, utafiti wa juzi juzi. Akaitikia, akameza.

Miezi mitatu hakuanguka. Asubuhi moja akakishika kidonge kwa vile vidole vyake, akakiangalia.

"Kaka, hizi ni zile za zamani."

"Nani kakwambia?"

"Uchungu wake naujua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja nione kama zitafanya kazi."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Miaka yote hiyo zilikuwepo?"

Nikamwambia zilikuwepo. Akachukua kikombe chake cha peke yake, akanywa maji, akaenda kuchochea moto.