Bastola Iliyolazwa Kituoni

Mjomba wangu anauza mapazia Kariakoo, na mimi namsaidia dukani. Ana bastola ya kibali, aliyoichukua baada ya kuvamiwa akitoka benki. Miaka yote sikuwahi kumwona akiichomoa, mpaka wiki ile alipotolewa mtoto wa jicho.

Daktari alimfanyia jicho la kulia, akaliziba, akamwambia apumzike nyumbani. La kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake, na lilikuwa linaona dunia kama imemwagiwa maziwa. Mjomba alipumzika kidogo, akasema kitanda kinamuumiza mgongo, akarudi dukani.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mzee wa Kihindi anayekaa Upanga. Anauza suti za harusi. Asubuhi hiyo alikuwa anadeki, akatoa nje midoli yake ya kuvalishia suti, mmoja akausimamisha kwenye korido karibu kabisa na mlango wetu. Ulikuwa umeinua mkono mmoja, kama bwana harusi anayepungia wageni. Mimi nilikuwa narudi na chai na chapati nikamsikia Mjomba akisema taratibu, "Nimekwambia inua na huo mwingine."

Alikuwa amesimama nyuma ya meza, bastola mkononi.

"Mjomba," nikasema, "huyo ni mdoli."

"Mwambie aseme mwenyewe."

Jirani akatoka na tambara la kudekia, akaona hali ilivyo, akaenda kusimama kando ya mdoli wake kwa adabu zote. "Samahani, jirani, huyu wangu."

"Kama ni wako, mbona hasalimii?"

Jirani akamkumbatia mdoli kiunoni akamrudisha ndani. Hapo ndipo Mjomba alipoelewa. Akakaa. Akaanza kutoa risasi kwa kupapasa, moja moja. Zilipotoka zote aliziweka kwenye kisahani cha chapati, akaniambia, "Ungeingia wewe kabla yake, mwanangu, ningekuambia uinue mikono, na wewe umeshika chupa ya chai."

Nyumbani, mkaza mjomba alisema bastola ifungiwe kabatini, ufunguo abaki nao yeye. Mjomba akakataa. "Funguo zako zote unaficha kwenye unga. Mimi najua, na watoto wanajua." Akasema ataipeleka kituo cha polisi wamtunzie mpaka macho yapone. Hakuna aliyemlazimisha. Ila sheria haikuruhusu mimi niibebe, kwa sababu kibali ni chake. Kwa hiyo ilibidi asiyeona abebe silaha, na anayeona amshike mkono.

Tukaenda kwa miguu, bastola tupu kiunoni chini ya shati, risasi kwenye mfuko wa ndani. Watu waliona jicho lililozibwa wakatupisha. Msukuma mkokoteni, ambaye siku nyingine angetukanyaga, alisimamisha mzigo na kuwaambia wenzake, "Mzee apite." Mwuza miwani alimjaribishia miwani ya jua bila kuombwa. Mama mmoja alimwekea chungwa mkononi akasema, "Pole baba," akaondoka. Mjomba alilishika chungwa lile njia nzima. Karibu na kituo akaninong'oneza, "Hawa ndio niliokuwa najihami nao?"

Kwenye kaunta alikuwepo askari kijana. Mjomba akamweleza kwamba ana silaha na angependa kuikabidhi. Kijana akachukua kalamu.

"Umempiga nani?"

"Sijampiga mtu."

"Ulitaka kumpiga nani?"

Mjomba ni mtu mkweli. "Mdoli."

"Mdoli nani? Jina la pili?"

"Hana. Ni mdoli wa suti."

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko dukani. Anavalishwa suti."

Askari akaweka kalamu chini akaniangalia mimi, kama mtu anayetafuta ndugu wa mgonjwa. Nikamweleza. Akasema hapo huletwa silaha ikiwa mtu amekufa, ameiba au amekamatwa. Mtu mzima, mzima wa afya, asiye na kosa, amefuata nini polisi?

Bahati nzuri, mkubwa wake alisikia. Mama mmoja mnene, mpole, akatoka ofisini, akaipokea bastola, akaikagua, akahesabu risasi, akampa Mjomba stakabadhi. "Mzee, umefanya la maana. Ukipona utaifuata."

"Italala wapi?"

"Kwenye stoo ya silaha, kwa kufuli."

"Kuna unyevu?"

"Hakuna, mzee."

Mjomba akasitasita mlangoni kama mzazi aliyempeleka mwanawe shule ya bweni.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, alinitaka nimpitishe kituoni kuijulia hali. Kijana wa kaunta mwanzoni alikasirika, baadaye akazoea. Akituona tu anasema, "Shikamoo mzee. Mgonjwa wako anaendelea vizuri, amelala." Mjomba anaitika marahaba, tunarudi dukani. Mtaa mzima ulicheka. Wapagazi walimwita Mzee wa Mdoli, naye aliwaitikia.

Basi siku moja ya mvua, wateja hawapo, jirani wa suti akaja akakaa kwenye marobota ya mapazia.

"Kijana wangu hali chakula," akasema. "Hapati usingizi. Amejifungia chumbani, anasema amechoka na kila kitu. Na mimi nyumbani nina bunduki ya kuwindia, nimeirithi kwa baba, kibali ninacho. Nitasema nini polisi? Watamwona mwanangu mbaya."

Mjomba hakumuuliza swali hata moja. Akavaa viatu. "Twende sasa hivi."

Tuliifuata Upanga kwa bajaji. Jirani akaitoa ikiwa tupu, ameizungushia pazia la maua, tukakaa watatu nyuma, imelala magotini kwetu. Dereva akauliza fimbo za mapazia siku hizi zinauzwaje. Mjomba akamtajia bei na kumsihi apite dukani.

Kijana wa kaunta alipotuona akauliza, "Mdoli tena?" Jirani akacheka, akaendelea kucheka, halafu tukaona analia. Kijana akainuka akamletea kiti, akaenda kumwita mkubwa wake.

Yule mama aliipokea bunduki na risasi zake. "Hapa hatumwandiki mwanao popote," alisema. "Itakaa hata ukichelewa." Kisha akauliza, "Ameonana na daktari?"

"Kesho nitampeleka."

"Mpeleke leo. Hospitali kubwa iko hapo kwenu."

Akampeleka jioni ile ile. Mjomba alikwenda naye, amevaa miwani nyeusi ya wagonjwa wa macho, na nasikia manesi walimkalisha yeye kwenye kiti cha mgonjwa.

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji, daktari akaridhika, Mjomba akarudishiwa bastola yake. Kijana wa Upanga alichukua muda mrefu zaidi kupona, na zipo wiki alizorudi nyuma. Sasa anakuja dukani kwa baba yake, analalamika joto, ananiambia "Mambo?" nami namjibu "Poa," anaendelea kupiga pasi suti.

Juzi nilimuuliza baba yake kama atakwenda kuichukua bunduki.

"Iache kwanza," akasema. "Pale ilipokuwa, mke wangu ameshaweka friza."