Picha Alizozitaka Dada Eliza

Shemeji yangu Sefania ana studio ya picha pale Soni, mkabala na soko la mboga, na hajawahi kumtoa mtu akiwa na chunusi. Ukikaa mbele ya kamera yake na fulana iliyochanika, kwenye karatasi unatoka na suti na tai. Uso anausafisha kwa kompyuta mpaka unang'aa. Watu wanateremka kutoka Lukozi kumfuata yeye, maana nani anataka picha ya kipaimara yenye makovu?

Dada yangu Eliza, mkewe, alipogundulika ana saratani ya titi, wakawa wanasafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Huku nyuma maneno yakazagaa. Mara anakula kuku mjini, mara anakwepa jembe. Akina mama wa kwaya walimwambia usoni kwamba amenawiri, kumbe amevimba kwa dawa. Dada alikasirika, na mimi zaidi. Ndipo akamwambia mumewe, "Baba Evelina, kila tukienda, nipige picha. Nataka waone ninachopitia."

Akampiga kweli. Dripu mkononi na mshipa uliogeuka mweusi. Nywele kwenye beseni. Kifua kisicho na titi, ngozi imeungua kwa mionzi mpaka inabambuka. Siku hiyo nilikuwepo. Sefania alipiga huku machozi yanamtoka, na dada anamhimiza asogee karibu.

Matibabu yaliposhindikana wakamrudisha nyumbani. Sefania akamletea picha kitandani. Dada akazitazama moja moja. Kucha zilikuwa safi, ngozi laini, kichwa kina nywele fupi nzuri.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Nimekusafisha kidogo tu, mama Evelina. Mkono umezoea."

"Na maumivu yangu umeyapeleka wapi? Niletee zile za mwanzo."

Hazikuwepo. Sefania akishasafisha picha huifuta ile ya awali, kompyuta isijae. Amewafanyia hivyo wateja wote, na hivyo hivyo akamfanyia mkewe.

"Nitakupiga nyingine," akasema.

"Kwa nywele zipi zilizobaki za kung'oka?"

Dada akageukia ukutani. Hakukubali tena kamera iingie chumbani mle, mpaka alipofariki.

Siku ya mazishi mama alikataa jeneza lifunguliwe, kwa hiyo watu waliaga picha. Ilikuwa mojawapo ya zile za hospitali, imekuzwa, imewekwa juu ya kitambaa cheupe. Akina mama wa kwaya wakapita mbele yake.

"Tazama alivyopendeza," mmoja akasema. "Afadhali hakuteseka."

Sefania alikuwa kasimama pale pale. Akainamisha kichwa, akajibu, "Ahsante, mama."

Nilishindwa kuvumilia. "Aliteseka!" nikapiga kelele mbele ya mchungaji na watu wote. "Aliteseka, mnanisikia?"

Wakanishika mabega, wakanikalisha chini taratibu, wakaambiana kwamba uchungu umenizidi.